Mwaka Tuliopika Mawe

Vuta kigoda usogee, wewe unayenisikiliza, maana jambo hili linahitaji kuelezwa polepole na sitaki upotee njiani. Ukikwama mahali, kosa ni langu, si lako. Nimekuwa mtu wa kueleza mambo tangu ujana wangu. Watu walikuwa wananiletea barua niwasomee, mashine niwafafanulie, hata mahubiri ya Jumapili niwarudie kwa maneno mepesi. Nilidhani hicho ni kipaji kisicho na hatari yoyote. Kwa hiyo nisikilize kwa makini, na uwe makini zaidi pale ninapoeleza vizuri.

Tuanze na jiwe lenyewe. Ni jeusi, laini, limepangika kama kurasa za kitabu kilicholowa kikakauka. Ukilipiga kwa nyundo linapasuka bapa kwa bapa. Wengi hudhani mafuta yamo ndani yake kama maji yalivyo ndani ya kitambaa, kwamba ukilikamua yatatoka. Hapana. Ndani yake mna mabaki ya majani na vijidudu vya majini vilivyozama kwenye tope zamani mno, vikafunikwa, vikakandamizwa, na tope likawa mwamba. Mabaki hayo hayajawa mafuta. Ili yawe mafuta, lazima jiwe lipate moto mkali, na hewa isilifikie. Hewa ikiingia, jiwe litaungua kama kuni, utabaki na majivu. Hewa isipoingia, jiwe halina namna ya kuungua. Linavunjika ndani kwa ndani na kutoa moshi mzito. Moshi huo ukiupitisha kwenye bomba la baridi, unageuka mafuta.

Umeelewa? Safi sana. Basi umeshaelewa nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni ya ule moshi usiogeuka kitu, hata uupoze namna gani. Huo tutaufikia.

Ilikuwa miaka ya vita ile ya pili ya dunia. Nilikuwa mchoraji wa ramani na mitambo katika machimbo madogo ya bati upande wa Kyerwa. Nilitoka shule ya misheni nikiwa na hati nzuri ya mkono, na fundi mkuu wa mitambo, Mzungu mrefu mwenye kikohozi kisichoisha, akanifundisha kutumia rula na bikari. Alikuwa mwalimu mvumilivu. Nikikosea mstari alikuwa hafuti. Ananiuliza maji yatapita wapi kwa mstari ule, na mimi mwenyewe naona aibu na kufuta.

Mwaka ule mafuta ya mashine yalikuwa hayaji. Lori kutoka Bukoba lilifika Omurushaka na chumvi, na vitambaa vichache, na habari za vita, lakini mapipa ya mafuta hayakuwemo. Na kule machimboni tulikuwa na pampu moja ya kutolea maji shimoni, na pampu ile ilikuwa inakunywa mafuta kila siku. Ikisimama, shimo linajaa. Mvua zilikuwa zinakaribia.

Ndipo alipokuja mfugaji mmoja kutoka nyika za Bugomora, mtu wa makamo aliyekuwa akituletea maziwa kambini. Siku hiyo aliweka kibuyu chini, akatoa kwenye mfuko wa ngozi mawe matatu meusi, akayapanga mbele ya fundi mkuu.

"Hayo nini?" fundi akauliza.

"Mafiga yangu, bwana. Nimeyaokota bondeni, karibu na mafunjo. Juzi tulipika juu yake, mafiga yakashika moto yenyewe. Mke wangu amegoma. Anasema haingii tena jikoni mpaka nimwambie nani kayaroga."

Fundi alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akaokota jiwe moja, akalikwaruza kwa kisu, akalinusa. Hakucheka tena siku ile. Aliwahi kufanya kazi katika nchi nyingine ambako walipika mawe ya namna hiyo, na nilimwona akisafiri kurudi huko akiwa amesimama palepale.

Tulianza na birika. Ulikuwa mtihani mdogo tu, wa kuona kama jiwe lina kitu. Tulilivunja vipande vya ukubwa wa harage, tukajaza birika la chuma, tukafunga kifuniko kwa udongo, tukaunga bomba jembamba kwenye mdomo wake na kulilaza ndani ya karai la maji. Kwanza lilitoka tone la maji. Hilo lisikusumbue, kila jiwe lina unyevu. Birika lilipoanza kuwa jekundu chini, moshi ulibadilika rangi ukawa wa njano, na katika kikombe likaanguka tone zito la kahawia lenye harufu ya lami na mayai yaliyooza. Fundi alinipiga begani. Tulikuwa na mafuta.

Lakini mwisho wa bomba, juu ya kikombe, kitu kiliendelea kutoka. Usingekiona vizuri, ungeona tu hewa ikitetemeka kidogo, kama juu ya bati lenye jua. Fundi alisogeza kibiriti akiwa amenyoosha mkono kadiri alivyoweza, na ulimi wa moto ukasimama pale mdomoni, ukalia kama mtu anayepuliza chupa. Uliwaka muda mrefu kuliko mafuta yalivyodondoka.

"Jiwe lenu lina mafuta kidogo," akaniambia, "na gesi nyingi. Kumbuka hilo utakapochora."

Nilikumbuka. Nataka ujue kwamba nilikumbuka.

Kuchora kulinichukua wiki kadhaa. Chungu, ndivyo tulivyokiita, kilikuwa kipande cha boila kuukuu kilicholazwa ubavu, chenye kifuniko cha kukazwa kwa boliti. Chini yake tanuri la matofali. Udongo wa matofali tuliutoa Bweranyange, kwenye mashimo yaleyale ya wafua chuma wa zamani, kwa sababu udongo ule ulikuwa umezoea moto kabla babu zetu hawajazaliwa. Kutoka kwenye chungu, bomba linapanda kidogo, linashuka, linapita kwenye maji, linaishia kwenye pipa la kupokelea. Na kutoka juu ya pipa hilo nilichora bomba la pili, la gesi, lirudi likaingie chini ya tanuri, gesi iungue humo na kusaidia kuni. Ukiweza kuifanyisha gesi kazi, haitakudhuru.

Tatizo lilikuwa mabomba. Tulikuwa nayo machache na mengine yalikuwa na kutu. Kwa urefu tuliokuwa nao, moshi ungefika kwenye pipa ukiwa bado wa moto. Na viungio vilikuwa vinavuja. Kila tulichojaribu kuzibia kilipasuka. Siku tatu tulijaribu, siku tatu kambi nzima ilinuka kama mtu amechoma viatu.

Hapo nikamkumbuka mjomba wangu.

Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alikuwa na kibanja kizuri cha migomba na kahawa kwenye mteremko juu ya Omurushaka, na alikuwa mpikaji wa enkonyagi kuliko wote niliowahi kuwaona. Enkonyagi ni ile pombe kali ya ndizi, inayopikwa kwa kuvukizwa. Mahali pengine wanaiita gongo. Serikali iliikataza na kanisa likaikataza, na wateja wake walitoka serikalini na kanisani. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata mara moja. Tone la kwanza halinywewi na mtu. Analipokea kwenye kipande cha ganda la mgomba, anachukua kijinga cha moto, analiwasha. Likiwaka buluu safi, anaitikia kwa kichwa na kazi inaendelea. Lisipowaka, anamwaga vyote. "Moto lazima uonje kwanza," alikuwa anasema. Nimeyasikia maneno hayo tangu nikiwa nabebwa mgongoni.

Nilimkuta akipalilia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekuja kwa miguu kutoka Kyerwa? Basi hukuja kunisalimia mimi. Una shida."

Nikamweleza. Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Mnapika mawe."

"Ndiyo, mjomba."

"Na yanaiva?"

"Yanatoa mafuta."

"Mama yako anajua? Maana mimi nikipika ndizi, ambazo Mungu amezifanya ziive, ananiombea kila Jumapili. Wewe unapika mawe, wewe ni msomi."

Akacheka, nami nikacheka. Lakini niliona jicho lake limeshaanza kutembea kwenye lile bomba nililomweleza. Akauliza limepita wapi, lina upana gani, maji yanabadilishwa na nani. Kisha akasema tumekosea maji. Karai halifai, maji yanapata moto yakiwa yamesimama. Tulaze bomba ndani ya mtumbwi wa kukamulia ndizi, na maji yaingie upande mmoja, yatoke upande mwingine, bila kupumzika. Na viungio vilivyo mbali na moto vizibwe kwa ndizi mbivu iliyopondwa na majivu. Vilivyo karibu na moto, udongo uleule wa Bweranyange uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. "Kiungo kinapumua," akasema. "Ukikiziba kwa kitu kigumu, kinapasuka. Kizibe kwa kitu kinachopumua pamoja nacho."

Nilimwomba aje mwenyewe. Kambini kungekuwa na kazi ya kukaa mwisho wa bomba, na hakuna mwingine katika wilaya nzima aliyejua kusoma bomba kama yeye.

Mama alitusindikiza mpaka barabarani. Alikuwa na wasiwasi ambao hakuweza kuutaja. Alinishika kiwiko, akanivuta pembeni.

"Huyu ndiye kaka niliyebaki naye. Wewe ndiye unayemchukua. Nirudishie akiwa mzima."

"Mama, ni kukaa tu na kuangalia bomba."

"Sikukuuliza ni kazi gani. Nimekwambia umrudishe mzima."

Nikamwahidi. Niliahidi upesi, kama kijana anayeombwa alete chumvi akienda sokoni.

Kwa kweli mjomba aliuokoa mchoro wangu. Mtumbwi ulifika ukiwa umebebwa na wanaume sita, bado unanuka rubisi, ile pombe ya ndizi ambayo enkonyagi hupikwa kutoka kwake, na kijito kikageuzwa kiupitie. Viungio vikaacha kuvuja. Fundi mkuu alimpa mjomba mkono mbele ya watu, akamwita bwana, na mjomba akatembea siku ile yote kama aliyevaa koti jipya.

Lakini mahali pale palianza kutupa dalili, na mimi ndiye niliyekuwa na elimu ya kuzisoma. Tulikuwa tukijaribu chungu kwa moto mdogo, nusu saa, saa moja, kukausha tu mawe na kuangalia viungio. Hata kwa moto huo mdogo, nguo zetu zilishika harufu ambayo haikutoka kwa sabuni. Maharage yalikuwa na ladha yake. Chini ya mtumbwi, pale maji yalipotoka, utando wa rangi za upinde wa mvua ulilala juu ya kijito, na asubuhi moja tulikuta vyura wameelea matumbo juu. Yule mfugaji wa Bugomora alibadilisha njia ya ng'ombe wake. Alikuwa anapita juu kabisa, ukingoni mwa kilima, na anatupigia kelele kutoka huko:

"Mmeshatia chumvi?"

"Bado!" mjomba anamjibu. "Tunangoja maziwa yako!"

"Ng'ombe wangu wamekataa! Wanasema bonde hilo linapumua!"

Watu walicheka. Mimi nilishuka chini ya kibanda cha mtumbwi nikainama, nikakuta ng'ombe wana haki. Kibanda kile tulikijenga chini, bondeni, kwa sababu maji hayapandi mlima. Asubuhi ambazo hakukuwa na upepo, ile harufu haikupanda. Ilitambaa. Ilikaa kwenye majani usawa wa magoti, kama ukungu usioonekana. Gesi nyingine ni nyepesi na huruka. Nyingine ni nzito na hulala chini. Ya kwetu ilikuwa na zote mbili. Na kwa kuwa mabomba yalikuwa mafupi, tanuri lilikuwa hatua chache tu kutoka hapo.

Na lile bomba la pili, la kurudisha gesi tanurini? Halikuwepo. Mabomba yote yaliingia mtumbwini. Nilimwendea fundi na mchoro mkononi.

"Bwana, hili halijajengwa."

Alikuwa anaandika barua ya kuomba mafuta, ya tatu au ya nne. Shimoni maji yalikuwa yamefika viunoni.

"Ukipata bomba, nitalijenga."

"Tungeweza kutoboa mianzi, tukaipandisha mlimani, gesi ikatokee juu kwenye upepo."

"Mianzi itachukua wiki. Sina wiki." Akakohoa, akafuta mdomo. "Acha kibanda wazi pande zote. Upepo utaichukua. Na hakuna mtu kuvuta sigara."

Mchoro ulikuwa wangu, na nilijua maji yatapita wapi kwa mstari ule. Nilikunja karatasi nikatoka.

Kuhusu sigara nilifanya nilivyoagizwa. Niliandika ubao kwa herufi kubwa, HAKUNA MOTO HAPA, nikaupigilia kwenye nguzo ya kibanda. Mjomba, ambaye hakujua kusoma, aliuliza unasema nini. Nikamwambia unakataza sigara. Akasema vizuri sana, vijana wa siku hizi wanamwaga majivu kila mahali.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Siku moja kabla ya kuwasha moto mkubwa, mjomba aliniita mtumbwini. Alikuwa na hofu kidogo, jambo ambalo sikulizoea kwake. Pombe aliijua. Mawe hakuyajua. Aliniomba nimweleze kazi yote tangu mwanzo, kwa utulivu, kama ninavyowaeleza wengine. Nikakaa naye kwenye ukingo wa mtumbwi. Nilimweleza habari za tope na majani, moto usio na hewa, moshi na baridi. Aliitikia, lakini uso wake ulibaki umekunjamana. Ndipo nikafanya kile wanachofanya waelezaji wazuri. Nilitafuta kitu anachokijua.

"Mjomba, usijichoshe. Ni kama enkonyagi tu."

Uso ukafunguka.

"Chungu ni chungu?"

"Chungu ni chungu. Mawe ndiyo rubisi. Bomba ni bomba lako, mtumbwi ni mtumbwi wako. Kitakachodondoka ndicho enkonyagi yetu."

"Kumbe!" Akapiga paja. "Na mlikuwa mnaniogopesha na maneno ya kitabuni. Kama enkonyagi!"

"Kama enkonyagi."

Nililala vizuri. Nilijisikia nimefanya kazi njema.

Tuliwasha tanuri alfajiri, na mpaka jua linasimama juu ya kilima chungu kilikuwa kimepata moto wa kweli. Hakukuwa na upepo. Moshi wa kuni ulipanda wima kisha ukajilaza, na majani ya migomba ya mbali hayakutikisika hata moja. Mimi na fundi tulikuwa upande wa tanuri, tukiangalia rangi ya chuma kupitia tundu. Mjomba alikuwa kwenye kigoda chake mwisho wa bomba, kifua wazi, akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kukamua ndizi. Kwanza likatoka maji. Akatupigia kelele: "Anatema mate!" Tukajibu sawa. Muda ukapita. Chuma kikaanza wekundu ule wa kukolea. Wimbo wake ukakatika, nikajua anasikiliza bomba.

"Amekuja!" akaita. "Mweusi kama kahawa!"

Fundi mkuu alivua kofia. Nilimwona akifumba macho sekunde moja, kama mtu anayeshukuru. Mimi niliinama kuandika kwenye daftari.

Nilipoinua kichwa, mjomba alikuwa ameshafika kwenye mlango wa tanuri upande wa pili, amevuta kijinga kimoja, anarudi nacho kibandani. Mkono wa kulia umeshika kijinga, wa kushoto umekikinga, vile alivyokikinga kila siku ya maisha yangu. Nilimtazama akitembea. Naomba unielewe vizuri hapa: nilimtazama, na sikuona ajabu yoyote. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara nyingi mno. Nilijua sheria yake kama ninavyolijua jina langu, na kwa sababu hiyo haikuwahi kunijia akilini.

Alipofika kwenye nguzo yenye ubao ndipo nilipopata sauti.

"Mjomba! Acha!"

Akageuka. Alikuwa anatabasamu. Alidhani ninamharakisha.

"Subiri, wewe! Moto lazima uonje kwanza!"

Haukuwa mlio mkubwa. Watu waliokuwa mbali walisema walisikia kama mtu amekung'uta mkeka mzito. Hewa yenyewe ndiyo iliyowaka, kutoka kwenye nyasi mpaka kwenye paa, kibanda kizima kwa mara moja, rangi ya buluu na baadaye njano. Kisha moto ukarudi mahali pake, ukasimama kwenye mdomo wa bomba, ukaanza kulia kama mtu anayepuliza chupa.

Fundi alikimbilia tanuri, akawa anavuta kuni nje kwa mikono. Mimi nilimvuta mjomba kutoka majini. Mtumbwi ule ulimwokoa. Alikuwa ameangukia ndani yake. Alikuwa hai, na alikuwa anaomba radhi. Alidhani amepika vibaya.

Walimpokea kwenye zahanati ya misheni. Macho yake hayakurudi. Mikono walifanikiwa kuiacha na umbo la mikono, lakini vidole vya kushoto vilishikamana, na ngozi yake haikujua tena moto wala baridi. Mama alikaa naye siku zote hizo. Hakunigombeza. Nilipomsalimia aliitikia, kisha akageuka kumpepea kaka yake, na nilielewa kwamba jambo langu na yeye limeshasemwa lote, kule barabarani.

Chungu kilivunjwa, boila likapelekwa penginepo. Shimo lilijaa maji mvua zilipokuja. Fundi mkuu aliandika ripoti iliyosema mtumishi alikiuka katazo la moto lililobandikwa. Ilikuwa kweli, na nilipiga chapa maneno hayo mwenyewe kwa sababu mashine ya chapa ilikuwa mezani kwangu.

Baada ya wiki kadhaa nilikwenda kumtazama mjomba. Walikuwa wamemtoa nje akae kivulini, mikono ikiwa bado na bendeji. Nilikaa chini. Nilikuwa nimebeba maelezo marefu, ya gesi nzito na gesi nyepesi, ya bomba ambalo halikujengwa. Nilipoanza tu, alinikatiza.

"Mpwa wangu, umeeleza ya kutosha. Sasa niulize mimi."

"Nikuulize nini, mjomba?"

"Niulize nafanyaje nikikaa mwisho wa bomba."

Nikamuuliza. Akanyoosha mgongo, akasogeza kichwa mbele, sikio upande. "Kwanza namsikiliza." Akainua ule mkono wa bendeji, akaushusha polepole hewani mpaka mahali ambapo bomba lingekuwa. "Halafu namgusa. Mkono ukivumilia, maji yanatosha." Akakunja kiganja kama kibakuli. "Halafu namkinga, tone moja, kwenye ganda." Mkono wa kulia ukaenda pembeni wenyewe, ukanyooka kuelekea mahali palipokuwa na moto katika kila kibanda alichowahi kupikia. Ukabaki umening'inia hapo.

"Ungeniona," akasema. "Hata mtoto angeniona. Miezi miwili tumekaa pamoja, umenieleza mpaka habari za vijidudu vya zamani, na hukuwahi kuniambia, mjomba, hebu nioneshe."

Nilimshusha mkono wake taratibu, nikauweka kwenye paja lake.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, siku utakapowasha tanuri, au boila, au mashine yoyote ambayo mwenzako hajawahi kuikalia, usimweleze kwanza. Zima kila kitu. Mketishe mahali atakapokaa, mpe vifaa atakavyoshika, mwambie afanye kazi yote kwa mikono yake tangu mwanzo hadi mwisho, kana kwamba moto unawaka. Wewe kaa kimya, mtazame mpaka amalize.